Zawadi za Bi Mkubwa

Kama kuna kazi isiyo na shukrani duniani, ni kuwa macho ya mtu mwingine halafu ukakatazwa kusema. Fundi aliifanya kazi hiyo miaka miwili na ushei, akaifanya vizuri mno, na huko kuifanya vizuri ndiko kulikomponza.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na cherehani yake ilikaa barazani kwa mama mkwe wake, kwa sababu aliolewa katika nyumba hiyo, akafiwa na mume katika nyumba hiyo, na alipofiwa hakuondoka. Watu hawakukosa la kusema. Mjane bado ana nguvu zake, hakujaliwa mtoto, anangoja nini kwa mama mkwe? Na mama mkwe mwenyewe, Bi Mkubwa, hakuwa mtu wa kuishi naye hivi hivi. Alikuwa na ulimi wa kukata kuliko mkasi wa dukani. Miaka ya mwanzo alimkalia Fundi kooni: mchele una mawe, chai ni maji ya moto, shuka limeanikwa na povu lake. Lakini marehemu alipoondoka, wakabaki wawili, na kila mmoja akagundua kwamba mwenzake ndiye mtu pekee anayemkumbuka yule bwana alivyokuwa hasa, uvivu wake wa asubuhi na kicheko chake cha kukohoa. Wakaacha kugombana. Siku nyingine walicheka hadi Bi Mkubwa akashika mbavu na kuomba aachwe apumue.

Halafu macho ya Bi Mkubwa yakaanza kuaga. Kwanza aliimimina chai pembeni ya kikombe. Akasema meza imeinama. Kisha siku moja mchana alimsalimia mwavuli uliotundikwa nyuma ya mlango, akauuliza habari za watoto, akakasirika kwamba hauitikii. Fundi alikaa chini kwa kicheko. Bi Mkubwa naye alicheka, alicheka sana, kisha akanyamaza ghafla, akamwambia funga mlango.

Walikuwa wamekwenda kwa daktari wa macho, tusije tukamsingizia mtu uzembe. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwenda kimekwenda, na matone ni ya kulinda kile kidogo kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mwanga wa dirisha na vivuli vya watu.

"Wasijue," Bi Mkubwa alisema.

"Kina nani, mama?"

"Hao wanangu. Wakijua watanichukua. Yule mkubwa atanipandisha ghorofani kwake, anifungie mlango aende kazini, mimi nibaki ndani kama birika kabatini. Hapa najua pa kutia mguu. Hapa chooni nakwenda mwenyewe. Siku nikishikwa mkono kwenda chooni, mwanangu, mimi basi tena. Niapie."

Fundi akaapa. Akaapa kwa kaburi la mumewe, na kwa mtu aliyekuwa hana mwingine duniani hicho si kiapo cha mdomoni.

Basi ikaanza kazi. Ndani ya nyumba hakikusogezwa kitu. Kutoka kitandani mkono wa Bi Mkubwa ulikwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti ukaenda kwenye kabati, kutoka kabatini ukashika mlango, na kila kimoja alikigusa kidogo kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita msibani akiwapa watu mkono. Mgeni angedhani ni mazoea ya uzee. Fundi alipofagia alirudisha kiti pale pale, na alishaweka alama ndogo za chaki yake ya kushonea sakafuni ili asikosee.

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa siku za wageni. Mabinti wa Bi Mkubwa walikuwa wawili. Wa kwanza, wifi mkubwa, alikuwa mwalimu mkuu wa shule, na alizungumza na kila mtu kana kwamba amechelewa gwarideni. Wa pili, wifi mdogo, alikuwa msusi mwenye saluni yake, mkarimu, mlegevu wa machozi, mtu wa kusema "jamani" kabla hajajua kuna nini. Walikuja mara moja kwa mwezi hivi, mchana wa mapumziko. Na kila walipokuja, Fundi alisimama mlangoni akapaza sauti.

"Karibu wifi mkubwa. Eti na gauni la kijani leo, unataka kutuua sisi wengine. Na wewe mdogo, nywele umesuka za kupandisha, sawa bwana."

Na Bi Mkubwa, kwenye kiti chake, akageuza uso kule sauti ilikotoka. "Kijani kinakupendeza, ila umenenepa," angemwambia mkubwa, maana alimsikia anavyokaa na kiti kinavyolalamika. "Na wewe hizo nywele zitakupa kichwa."

Wifi mdogo alimwambia Fundi zaidi ya mara moja, "Mama yetu ana macho ya mwewe. Mimi hapa nimeshaanza kuvaa miwani."

Fundi alijibu, "Ndiyo hivyo, wifi. Wazee wa zamani."

Akijiona mjanja. Wote wawili walijiona wajanja, na wageni wakishaondoka walikumbushana na kucheka. Bi Mkubwa alipenda hasa aliposifia kitu ambacho Fundi hakumtajia, akakipata kwa kubahatisha. Ulikuwa mchezo wao, na mchezo ule uliwapa raha ambayo hakuna kati yao aliyekuwa ameipata tangu msiba. Mimi siwalaumu. Ila mtu akidanganya vizuri namna hiyo, asishangae wenzake wakiamini.

Ikafika Bi Mkubwa kutimiza miaka themanini. Mabinti wakakata shauri kumfanyia jambo, wakamwita Fundi saluni ili aulizwe mawazo. Alikwenda na mkanda wake wa kupimia shingoni, akaketi kwenye kiti chini ya kikaushia nywele, na hewa ilinuka mafuta na nywele zilizoungua.

"Tunataka zawadi ya maana," alisema wifi mkubwa. "Si leso na sabuni. Wewe unakaa naye, anapenda nini?"

Fundi alikuwa amejiandaa njia nzima. "Redio," akasema. "Ile yake inakoroma. Anapenda sana taarifa ya habari."

Wifi mdogo akacheka, si kwa ubaya. "Redio ni zawadi ya mlinzi wa geti, Fundi."

"Basi viatu vya ndani, vyenye soli ya mpira, visivyoteleza."

"Mtu anatimiza themanini unampa kandambili," alisema wifi mkubwa.

"Au awekewe kishikio ukutani, bafuni."

"Kwani ni mgonjwa?"

Hapo ndipo penyewe. Fundi angesema ndiyo, wangeuliza anaumwa nini. Akachezea mkanda wake, akaukunja na kuukunjua.

Wifi mkubwa alikuwa na yake kichwani tangu zamani. "Mama alikuwa mtu wa vitu vya kutazama. Mnakumbuka alivyokuwa akisimama mbele ya maduka ya samani, anatushika mikono, hatuingii, tunatazama tu? Meza za vioo, mazulia. Hakuwahi kupata hata kimoja kwa sababu yetu. Sasa atapata." Na sauti ikamkwama kidogo, mwalimu mkuu yule, hata akajifanya anakohoa. Nasema hili kwa kuwa wako watu wanaopenda kusikia kwamba mawifi ni wabaya. Hawakuwa wabaya. Walimpenda mama yao, walimchagulia kwa moyo mmoja, na kila walichomchagulia kilikuwa cha macho.

Zulia nene la chumba kizima. Meza ya kujipambia yenye vioo vitatu. Picha ya zamani ya watoto wote watatu, akiwemo marehemu, iliyokuzwa na kuwekwa kwenye fremu. Na kitanda kigeuzwe, akasema mdogo, kielekee dirishani, mama awe anaamka anaiona barabara.

"Chumba mkiache kilivyo," alisema Fundi. Ilimtoka haraka mno. "Amekizoea."

"Wewe ndiye uliyekizoea," alisema wifi mkubwa. Kisha, taratibu, kwa ile sauti ya kumwambia mzazi kwamba mtoto wake atarudia darasa, "Fundi, tunakushukuru unakaa na mama. Lakini ile ni nyumba ya mama. Usije ukasahau."

Fundi akaaga, akarudi kwenye sare zake.

Jioni ile alimweleza mama mkwe wake kila kitu, zulia, vioo, picha, kitanda. Akamwambia, "Mama, tuwaambie. Tuwaambie kidogo tu. Tuseme macho yamepungua."

Bi Mkubwa alikuwa anachambua mchele kwa vidole, na alichambua vizuri kuliko mwenye macho. "Kidogo haipo," alisema. "Ukimwambia yule mkubwa kidogo, kesho yuko hapa na gari. Waache walete. Watakaa, watakunywa soda zao, wataondoka. Wakikata kona tu, wewe na mimi tunarudisha kila kitu mahali pake. Mchana mmoja, Fundi. Mchana mmoja utanishinda?"

"Nitakushika mkono."

"Si mbele yao."

"Mama."

"Nimesema si mbele yao. Ukinishika mbele yao umewaambia."

Siku ikafika, wakaja na mizigo na wapakiaji wawili. Bi Mkubwa alikalishwa sebuleni na soda yake huku chumbani kwake kunavurugwa. Fundi alikuwa humo ndani, anashika huku, anazuia kule, anasema meza haitaenea, zulia litashika vumbi, kitanda kina mguu mbovu kisigeuzwe. Hakuna aliyemsikiliza. Aliona kiti kinatolewa nje kabisa, kiende stoo. Kabati likasukumwa hadi ukuta wa pili. Meza yenye vioo ikasimamishwa pale pale mkono wa Bi Mkubwa ulipozoea kukuta njia. Zulia likakunjuliwa juu ya alama zake zote za chaki, na kwa kuwa lilikuwa limekaa dukani limekunjwa muda mrefu, upande wa mlangoni ulibaki umejikunja na kuinuka: ukiukanyaga unalala, ukitoa mguu unainuka tena. Fundi akaweka tofali la kuzuia mlango juu yake. Wifi mdogo akaliondoa, akasema, "Tofali juu ya zulia jipya, jamani?"

Bi Mkubwa akaletwa, binti huku na binti huku, kwa heshima kama bibi harusi. Hapo kushikwa hakukuwa na aibu, ilikuwa shangwe. Akaketishwa ukingoni mwa kitanda. Akapapasa tandiko kwa kiganja, akainua uso.

"Pazuri," akasema. "Mmenitoa ushamba. Hata siamini ni chumba changu."

Hili la mwisho lilikuwa kweli tupu, na Fundi peke yake ndiye aliyejua.

"Na hii sasa," alisema wifi mdogo, machozi yako tayari, "hii ndiyo tumeihangaikia, mama." Akasimama mbele ya mama yake amekumbatia picha.

Bi Mkubwa akaweka mkono kifuani. "Masikini mwanangu. Tazameni anavyocheka. Na nyinyi wawili mlivyosimama, mmependeza."

Picha ilikuwa bado imefungwa karatasi ya kaki na kamba yake.

Wifi mdogo akatazama karatasi, akamtazama mama yake, akatazama karatasi tena. Wifi mkubwa akafungua mdomo. Fundi akawahi.

"Nisameheni," akasema. "Nilishamwambia. Nimemweleza picha yote ilivyo, tangu juzi. Mdomo wangu haukai na siri."

Wakamgeukia yeye. Wakamsema, na walikuwa na haki ya kumsema: wamehangaika na picha ile, wamemtafuta mtu wa kuisafisha mikunjo, halafu yeye kwa umbeya wake ameila raha ya mama yao. Wifi mkubwa alisema kuna watu hawawezi kuona jambo la wenzao linakwenda vizuri. Fundi aliinamisha kichwa, akapokea yote. Alijipa moyo kwamba wakikata kona tu, basi. Pembeni ya jicho lake alimwona Bi Mkubwa anatabasamu kidogo sana. Mchezo ulikuwa bado unamfurahisha.

Na wakaaga. Jua lilikuwa bado kali. Wifi mkubwa alikuwa na karatasi za mitihani za kusahihisha, wifi mdogo ana bibi harusi wa kusukwa. Mama, kaa, wakasema, usihangaike.

"Kwani nimeota mizizi?" Bi Mkubwa akasema. "Nitawasindikiza hadi mlangoni kama siku zote."

Akasimama.

Hapa ningependa kumshika Fundi mabega nimtikise, lakini na mimi sijui ningefanya nini. Alipiga hatua akamshika mama mkwe wake kiwiko. Bi Mkubwa akakitoa. Alikitoa kwa nguvu, na kwa sauti ya kucheka akasema, "Huyu naye, ananishika kama kikongwe." Mabinti wakacheka. Fundi akabaki na mkono hewani. Neno lilikuwa mdomoni mwake, neno moja tu, haoni, na lingemaliza kila kitu: kuanguka kusingekuwepo, na maisha yao ya pale nyumbani yasingekuwepo pia. Watu watatu walikuwa wanangoja, na mmoja wao alikuwa amemwapisha.

Akaenda mlangoni haraka, akasimama hapo, akaanza kupiga domo kwa sauti ya juu. "Haya njooni huku, huku kuna upepo, tutokeni, chumba kimejaa." Ili mama aifuate sauti. Na Bi Mkubwa, kwa akili zake, aliifuata. Alikuja moja kwa moja, kichwa juu, mikono chini, hakupapasa kitu, mtu yeyote angesema anaona. Alikuja hadi kwenye ukingo wa zulia uliojikunja.

Mguu ukaingia chini yake. Akaanguka ubavu, akagonga kona ya meza ya vioo, na mlio uliotoka nyongani mwake ulikuwa mdogo, kama kijiti cha kuwashia moto kinapovunjwa.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alisema nyonga imevunjika, na kwa umri ule mfupa haurudi kuwa mfupa. Kisha akawasha tochi yake ndogo, akaipitisha mbele ya macho ya mgonjwa, mara ya kwanza na mara ya pili.

"Huyu mama haoni," akasema. "Tangu lini?"

Mabinti wakageuka kumtazama Fundi. Fundi hakuwatazama. Alimtazama Bi Mkubwa, aliyelala hapo na shuka hadi kidevuni, na alingoja. Aliamini kabisa kwamba mwenye siri ataitoa mwenyewe. Angesema, mimi ndiye niliyemkataza. Maneno machache tu, na yule bibi hakuwahi kuishiwa maneno.

"Nilimwambia huyu," alisema Bi Mkubwa. Sauti haikutetemeka. "Tangu mwanzo nilimwambia, waambie wanangu. Kila siku namwambia."

Fundi alihisi amevuliwa nguo sokoni. Alitaka kusema kitu, na kilichotoka kilikuwa, "Mama, sema kweli."

Bi Mkubwa akageuza uso ukutani. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa nje ya shuka, umeshika mkono wa gauni la wifi mkubwa, umekunja kitambaa ndani ya ngumi, na Fundi akaelewa. Nyonga ile ilishamaliza habari. Kuanzia siku ile kulikuwa na watu wawili tu wa kumlisha na kumgeuza, na kulikuwa na kosa moja la kumbebesha mtu, na yule bibi alikuwa ameshachagua kabla tochi haijazimwa. Kuelewa hakukumsaidia Fundi kitu. Alimchukia papo hapo, kwa moyo wake wote, kuliko alivyomchukia miaka ile ya mchele wenye mawe.

"Ulimficha ili ubaki na nyumba," alisema wifi mkubwa. Alisema polepole, kana kwamba anasoma ubaoni.

Angejibu nini? Kiapo ni kiapo, hata mwenye kukutaka uape akikuruka. Na hata angejibu, nani angeamini, baada ya miaka miwili ya gauni la kijani na nywele za kupandisha? Wakaanza kukumbushana hapo hapo, mbele yake, kila alichosema mlangoni, na kila neno sasa lilikuwa ushahidi. Wifi mdogo alilia. "Ulikuwa unatuchezea," alisema. "Jamani, Fundi. Mama yetu."

Bi Mkubwa akapelekwa ghorofani. Nyumba ikapangishwa. Fundi alihamisha cherehani yake akapata kichumba nyuma ya maduka, akaendelea na sare. Watu waliposikia, walisikia ilivyosimuliwa na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa msimulizi mzuri. Wateja wengine walianza kumpita kama hawamwoni.

Ungedhani yaishie hapo. Lakini zilipita mvua na kiangazi, na Fundi, hasira zake zikiwa bado nzima, akajikuta anawaza jinsi mtu aliyevunjika nyonga anavyovishwa. Anainuliwa. Kila asubuhi anainuliwa, gauni linapitishwa kichwani, linavutwa chini ya mgongo, na mfupa unasaga. Hilo lilimkera kama mshono uliopinda. Alijiambia kwamba ni mambo ya kazi tu, si ya moyo. Akaenda kwa muuza vitambaa, akafumba macho, akaanza kushika jora moja baada ya jingine kwa ncha za vidole, hadi muuzaji akamuuliza kama anajisikia vibaya. Hakutaka kujua rangi. Alitafuta pamba isiyokwaruza, nzito kidogo, yenye baridi mkononi. Alipoipata alifumbua macho akakuta ni ya kahawia, rangi ya gunia, na akainunua hivyo hivyo.

Alishona gauni lililo wazi mgongoni kote, la kufungwa ubavuni kwa kamba, ili mtu avishwe amelala bila kuguswa nyonga. Mishono yote akaiweka upande wa nje isije ikachubua ngozi, akaikunja mara mbili na kuilaza, kama alivyokuwa akifanya yeye na hakuna mshonaji mwingine wa mtaa ule aliyejisumbua kufanya. Akaikunja nguo, akaifunga kwenye karatasi, akapanda ngazi.

Wifi mkubwa alimfungulia, akasita, akamkaribisha. Hata hasira zikichoka zinaacha adabu. Akamtembeza, na alikuwa na mengi ya kuonyesha: kishikio kirefu ukutani, zulia la mpira lisiloteleza, redio mpya kando ya kitanda, saa inayosema saa ngapi ukiigusa.

"Mtu asiyeona, Fundi," alisema wifi mkubwa, "mazingira yake hayabadilishwi. Nimesoma sana habari hizi. Sisi hapa hata kiti hatusogezi."

Fundi akasema ni vizuri.

Bi Mkubwa alikuwa amekwisha. Mtu mzima wa jana alikuwa na ukubwa wa mtoto chini ya blanketi. Kishikio cha ukutani hakikuwa na alama hata ya kidole kimoja.

"Mama, una mgeni," alisema wifi mkubwa.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi.

Bi Mkubwa akageuza uso kidogo. "Marahaba. Ni nani?"

"Mke wa marehemu kaka. Amekuletea nguo."

Fundi akaifungua, akaiweka kwenye mikono ya yule bibi. Vidole vikaanza safari. Vikapita kwenye kitambaa, vikashuka, vikafika kwenye mshono wa bega, vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikaja tena, dole gumba likaupanda mshono ule uliokunjwa mara mbili na kubaki hapo.

"Nguo nzuri," alisema Bi Mkubwa. "Mwambie mgeni nimeshukuru. Anisamehe, mimi sioni, na sauti za watu zinanipotea."

"Unaona hali yenyewe," wifi mkubwa alimnong'oneza Fundi. "Kumbukumbu inakwenda." Jikoni kitu kikachemka na kumwagika, akatoka mbio.

Wakabaki wawili.

"Amekwenda," Fundi alisema polepole.

Dole gumba la Bi Mkubwa lilikuwa bado kwenye mshono. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya zamani, ya jioni za kuchambua mchele, "Mgongoni umeacha wazi. Umefikiri vizuri. Hawa wananivuta kama gunia." Akapumua. "Usije tena, Fundi."

"Mama, mimi sikuja kudai kitu."

"Najua. Usije tena. Wakiona tumezoeana watajua nilisema uongo, na mimi hapa ndipo ninapolishwa."

Fundi alimtazama. Alikuwa amepanda ngazi zile na maneno mengi, mengine ya kuumiza, mengine ya kumwomba. Sasa alitaka tu kumshika mkono. Alikuwa anaunyoosha mkono wake mwenyewe pale miguu ya wifi mkubwa iliposikika inarudi.

Bi Mkubwa aliusikia mwendo huo kabla yake. Akaiachia nguo, akaisukuma kando, akapaza sauti nyembamba ya mtu asiyejua alipo.

"Huyu mgeni," akasema, "bado yupo?"

"Yupo, mama," alisema wifi mkubwa mlangoni, anafuta mikono. Akamtazama Fundi.

"Naondoka," alisema Fundi.